KUBADILI WACHEZAJI SI KUJENGA TIMU

Tangu Taifa Stars ilipofungwa na Morocco bao 1-0 mjini Rabat, Januari 2026, na kutolewa katika hatua ya kumi na sita bora ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, wapenzi wa kandanda nchini wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lataka fagio la chuma lipite: wakongwe wapumzishwe wote, kikosi kisukwe upya kuanzia mlinda mlango hadi mshambuliaji wa mwisho. Kundi la pili lajibu kwamba timu iliyovuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu haistahili kuvunjwa, bali kupongezwa.

Mjadala huu si wa Dar es Salaam peke yake. Umo katika baraza za Unguja na Pemba, na umo Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, ng'ambo ya Mpanda ambako reli itokayo Kaliua inakomea. Mkulima wa Kasekese na mvuvi wa Mkoani huenda wasionane maisha yao yote, lakini wanahuzunika kwa bao moja na kufurahi kwa bao moja. Hilo peke yake latosha kutuonyesha kwamba jambo hili si la mchezo tu, na kwamba linastahili kujadiliwa kwa akili iliyotulia.

Tuanze na hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Tanzania imecheza fainali hizo mara nne: za mwaka 1980 kule Lagos, za 2019 nchini Misri, za 2023 zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, na hizi za 2025 nchini Morocco. Jumla ni mechi 13. Katika hizo tumetoka sare mara 5, tumefungwa mara 8, na hatujashinda hata moja. Tumefunga mabao 9, tumefungwa 23. Hata safari hii tulivuka kwa pointi 2 tu: tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda na nyingine ya 1-1 na Tunisia. Hivyo, asemaye kwamba timu yetu bado haijatosha hasemi uongo wala hakosi uzalendo.

Lakini hesabu hiyo hiyo yatufundisha jambo la pili, ambalo wenye fagio wanalisahau. Kati ya Lagos na Rabat hakubaki mchezaji hata mmoja asiyebadilishwa. Vimepita vizazi vya wachezaji. Wamepita na makocha: katika fainali za 2019 alikuwapo Emmanuel Amunike wa Nigeria, katika zile za 2023 alianza Adel Amrouche, na aliposimamishwa, nafasi yake ikashikwa na Ndugu Hemed Suleiman, mwana wa Visiwani, na kule Rabat alikuwapo Miguel Gamondi wa Argentina. Watu wamebadilika, ushindi haukuja. Kama dawa ingekuwa ni kubadili watu, basi mgonjwa huyu angekwisha kupona zamani.

Watazameni Ndugu Mbwana Samatta na Ndugu Simon Msuva, ambao majina yao ndiyo yanayotajwa zaidi pale panaposemwa habari za kupumzisha wakongwe. Wote wawili walikuwamo katika kikosi cha 2019, na wote wawili walikuwamo katika kikosi cha 2025 wakiwa wametimiza miaka 32 au zaidi. Ndugu Msuva alifunga bao katika fainali za 2019, akafunga katika fainali za 2023, na akafunga tena katika fainali za 2025. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mchezaji wa namna hii haondolewi kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa. Huondolewa siku anapopatikana kijana aliye bora kuliko yeye. Kwa hiyo swali la kuuliza si kwa nini Msuva bado yumo. Swali ni hili: yuko wapi kijana wa miaka 20 aliyetakiwa kumpokea?

Mwaka ule ule wa 1980 una somo lingine ambalo wengi hawalikumbuki. Timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo ilikwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, nafasi ikiwa imepatikana baada ya mataifa kadhaa kususia michezo hiyo. Tulifungwa na India mabao 18-0, tukamaliza wa mwisho kati ya timu sita. Kushindwa kule hakukuwa aibu. India ndiyo iliyotwaa medali ya dhahabu. Jambo la kusikitisha ni lililofuata. Timu hiyo haijarudi tena Olimpiki, na leo hakuna baraza watu wanapogombana juu ya nani aachwe na nani aitwe katika mpira wa magongo. Kumbe ugomvi wa mashabiki ni dalili ya uhai. Mchezo usiokuwa na ngazi ya kuwapandisha vijana hufa kimya kimya, na hakuna anayehudhuria mazishi yake.

Hao Morocco waliotutoa hawakuamka asubuhi moja wakawa mabingwa wa kuogopwa. Walijenga chuo cha kandanda cha Mohammed VI karibu na Rabat, wakawachukua watoto wadogo, wakawasomesha na kuwafundisha mpira pamoja. Kikosi chao kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 kilikuwa na vijana waliotoka katika chuo hicho, miongoni mwao Youssef En-Nesyri, Nayef Aguerd na Azzedine Ounahi. Hakuna mtoto anayehitimu Msahafu bila kuanza na alifu. Na kandanda ina alifu yake.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu wa Visiwani. Wapo wanaosema dawa ni kuongeza idadi ya Wazanzibari katika kikosi. Uchungu wao tunauelewa. Zanzibar ilikubaliwa uanachama wa Shirikisho la Soka la Afrika mwezi Machi 2017 na ikaondolewa mwezi Julai mwaka huo huo. Kwa hiyo kwa kijana wa Micheweni au Makunduchi njia ya kufika katika fainali hizo ni Taifa Stars pekee. Lakini timu haijengwi kwa mafungu kama sadaka. Bao lililotuokoa mbele ya Tunisia lilifungwa na Ndugu Feisal Salum, aliyelelewa kimchezo Zanzibar katika timu ya JKU kabla ya kuvuka bahari mwaka 2018 kujiunga na Yanga. Hakupewa nafasi kwa huruma; aliipata kwa mguu wake. Tunachodai ni jicho la haki, ili kijana asilazimike kuvuka bahari kwanza ndipo aonekane. Na haki hiyo ya kijana wa Micheweni ndiyo haki ya kijana wa Kasekese, ambaye naye yuko mbali na kila uwanja anaofikia mchaguzi wa timu ya taifa.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kikosi kibadilishwe, lakini kwa hatua: kila mkongwe akae pamoja na kijana anayejifunza kwake, wala wasiondolewe wote kwa siku moja. Viongozi wa TFF na ZFF wakae meza moja na kuwatuma wachaguzi mikoani na visiwani, tena kwa ratiba inayojulikana na wote. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lisisubiri kualikwa. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, pamoja na michezo ya skuli Zanzibar, yahudhuriwe na makocha wenye daftari na kalamu, wasiishie kuwa wageni rasmi wa kutoa vikombe. Wakurugenzi wa halmashauri nao walinde viwanja vya vijiji visigeuzwe kuwa viwanja vya nyumba. Uwanja ukishaliwa na majengo, haurudi.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za 2027. Majukwaa ya kisasa tunaweza kuyajenga kwa fedha na saruji. Mchezaji hajengwi hivyo, wala hanunuliwi dukani wiki moja kabla ya wageni kufika. Mashabiki waendelee kubishana, ni haki yao. Wenye dhamana, wao, wasijifiche nyuma ya mabishano hayo. Kila wanapotangaza majina ya walioachwa, wananchi wana haki ya kuwauliza majina ya waliofundishwa, na walikofundishwa.