MFANYAKAZI HANA BOYI

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi katika ukurasa huu tunaandika juu ya makosa ya matajiri. Leo tunaandika juu ya kosa letu wenyewe, tena tulilolifanya mchana kweupe, tukiwa bado tumevaa nguo za mkutano.

Jumapili moja tulikutana hapa Rumonge, wajumbe kumi na wawili, kuzungumza habari ya makato. Wavunaji wa michikichi walikuwa wakikatwa fedha kwa kila mkungu uliosemwa kuwa haujaiva, na hapakuwa na mvunaji aliyeitwa kuuona huo mkungu. Tulisema maneno makali. Tulikumbushana kwamba Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, hauruhusu mshahara kukatwa ila kwa namna iliyowekwa na sheria, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa wasuluhishi. Tukafunga mkutano saa saba, njaa inauma, tukateremka ziwani kula mukeke.

Katika kabare tuliyoingia alikuwepo binti mmoja tu wa kuhudumia, na meza zilikuwa zimejaa. Mmoja wetu alimpigia mluzi. Mwingine alimwita, "We boyi!", naye ni mwanamke, watu wakacheka. Samaki walirudishwa jikoni mara mbili: mara ya kwanza hawajakauka, mara ya pili wamekauka mno, kana kwamba yule binti ndiye aliyekuwa kwenye makaa. Yuko aliyemshika mkono alipokuwa akiweka chupa mezani, akakataa kumwachia mpaka acheke. Alicheka. Sisi tuliobaki tulitazama ziwa.

Hesabu ilipoletwa, wawili walikuwa wamekwisha kuondoka ili kuwahi gari la Nyanza-Lac, na kila mtu akadhani mwenzake amewalipia. Tukaacha pengo la chupa nne na sahani moja.

Asubuhi yake mwenzetu mmoja alirudi kutafuta kofia yake. Ndipo alipoambiwa kwamba pengo lile limeandikwa katika daftari la patroni kwenye jina la binti, na litakatwa mwisho wa mwezi. Hakuulizwa mtu. Hapakuwa na sheria, wala mapatano, wala msuluhishi. Yaani makato tuliyoyalaani asubuhi, mchana tuliyapeleka kwa mikono yetu kwa mfanyakazi mwenzetu.

Tujikosoe bila kuoneana haya. Neno hili "boyi" tumelitoa wapi? Wazee wetu wanajua. Wakati wa Wabelgiji, mwanamume mwenye mvi na wajukuu, aliyempikia Mzungu na kumwandalia meza, aliitwa boyi, yaani mvulana, hata na mtoto mdogo wa huyo Mzungu. Wenye Kifaransa walisema "garçon", na maana ni ile ile. Tarehe 1 Julai 1962 bendera yao ilishushwa, bwana akafunga mizigo yake, lakini neno lake hakulichukua. Lilibaki pale mezani, na anayekalia kile kiti siku hizi ndiye anayelitumia.

Wapo watakaosema kwamba adabu za mezani ni mambo ya Wazungu, uma kushoto, kisu kulia, na kwamba mtu wa panga na mawese hana haja nazo. Si kweli. Adabu ya kula tunayo tangu kwa mababu. Mgeni akiingia nyumbani Rumonge, mtoto huleta birika na beseni, humnawisha, na mgeni humshukuru hata kama mtoto ana miaka sita. Kwenye sinia kila mtu hula upande wake, hapeleki mkono kutafuta kipande kilicho mbele ya mwenzake. Huko milimani pombe hunywewa kwa mirija katika mtungi mmoja. Anayepokea kitu hutanguliza mkono wa kulia na wa kushoto hugusa ule wa kulia, awe anapokea mahari au njiti ya kiberiti. Adabu hizi zote tunazo mpaka pale tunapotoa noti mfukoni. Tukishatoa noti tunazisahau, tunasema, "Mimi nimelipa."

Umelipia samaki na chupa. Yule binti hakuwa kwenye orodha ya bei.

Ziwa letu lenyewe lina mfano. Wengi wa umri wetu wanaifahamu meli ya Liemba, iliyokuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu, na katika miaka fulani ikafika hata Bujumbura. (Wengine wa pwani hii hawaikumbuki kwa chakula. Wanaikumbuka kwa Mei 2015, ilipowachukua wakimbizi wetu Kagunga na kuwapeleka Kigoma. Hiyo ni habari nyingine, nayo ina siku yake.) Ilikuwa na madaraja matatu. Sisi wa daraja la tatu tulikula tulichokifunga kwenye kitambaa. Abiria wa juu walikuwa na chumba cha kulia, wakiletewa chakula na mtu anayetembea na sahani wakati meli imelala ubavu kwa upepo wa kusini wa kiangazi. Mtu aliyewahi kubeba mkungu wa chikichi mgongoni kwenye mteremko wenye utelezi anaelewa kazi hiyo bila kufundishwa. Katika meli, adabu ni kutomwita mhudumu aliyejaza mikono, na kuondoa mfuko wako njiani anakopita. Ni pia kuja saa chakula kinapoandaliwa, si saa anayotaka kujinyoosha. Abiria hushuka Kigoma akasahau. Mhudumu anabaki melini, anaosha sahani za waliokwenda, anawangoja wanaokuja.

Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, katika karakana ya Meyer ya mji wa Papenburg, ikaitwa Graf von Goetzen kwa jina la gavana mmoja wa kikoloni, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Tunayaeleza haya kwa sababu karakana ile ile, miaka zaidi ya mia baadaye, inajulikana kwa kujenga meli za matembezi za baharini, zenye ghorofa nyingi, zinazobeba watalii kwa maelfu. Ndani yake wanaohudumia meza ni watoto wa wakulima na wavuvi kama sisi, wengi kutoka Ufilipino, Indonesia na India, wanaokaa miezi mingi bila kuona nyumbani. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kufanya kazi Agosti 2013, unawekea nchi kipimo: zinazohesabu saa za kazi zisipitishe saa 14 kwa siku na 72 kwa juma. Someni tena, ndugu. Saa 72 kwa juma, na huo ndio ulinzi!

Katika baadhi ya meli hizo bakshishi huongezwa kila siku kwenye hesabu ya mgeni. Naye mgeni aliyekula vizuri siku saba, akiitwa kwa jina lake kila asubuhi, anaweza kwenda kaunta siku ya mwisho kuomba ifutwe. Hakuna anayemwona isipokuwa karani. Sisi tunamwona, kwa sababu tumefanya vivyo hivyo kwa kuwahi gari la Nyanza-Lac.

Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: mkataba huo wa 2006 hauhusu meli zinazotembea katika maji ya bara peke yake. Kwa hiyo mhudumu wa bahari ana karatasi ya kushika, hata kama ni nyembamba. Mhudumu wa meli ya ziwa hili, kwa mkataba huo, hana.

Juu ya bakshishi tuseme wazi, maana ndugu wengine hudhani kutoa bakshishi ni kumfadhili patroni, na wengine hudhani ukiitoa umenunua ruhusa ya kutukana. Mkataba namba 172 wa mwaka 1991, wa wafanyakazi wa hoteli na mikahawa, unasema mfanyakazi alipwe mshahara wa msingi, tena kwa wakati maalumu, bila kujali bakshishi. Huo ndio msimamo wetu. Bakshishi ni ya mhudumu, haimpunguzii patroni deni lake. Kwetu Burundi kima cha chini kilichopangwa mwaka 1988 kilikuwa franka 160 kwa siku mjini Bujumbura na franka 105 vijijini, na miaka na miaka vyama vya wafanyakazi vimelia juu ya kima hicho. Franka 105 leo haikununulii hata kikombe cha chai ambacho yule binti anakuletea.

Ndugu mmoja alituuliza, je, tukiwa wapole kabareni si tunamsaidia patroni apate wateja? Labda. Lakini ukali wetu haukumgusa patroni hata siku moja. Samaki mbichi mlalamikie mwenye jiko, bei mlalamikie mwenye daftari. Yule anayekuja mezani ndiye wa karibu na ndiye asiyeweza kujibu, kwa hiyo tunamchagua yeye. Msimamizi wa shamba hutuchagua sisi kwa sababu hiyo hiyo.

Habari ya kumshika msichana mkono, kiuno au nguo, hatutaijadili. Mjumbe atakayerudia ataitwa mbele ya kamati, na jina lake litasomwa.

Tangu siku ile tumepatana kwamba tukila pamoja mmoja wetu anakusanya fedha kabla chakula hakijaagizwa. Anaitwa mweka hazina wa samaki, na watu wanacheka, lakini hakuna anayeondoka bila kulipa. Mhudumu tunamwita dada, kaka au mzee, kwa umri wake.

Ile hasara ya binti tuliichanga. Tulituma wawili, mmoja wao yule wa mluzi, wampelekee mkononi mwake na kuomba radhi. Alizipokea fedha kwa mikono miwili, akazihesabu mbele yao, akawarudishia franka mia tano zilizozidi. Kisha akauliza kama wahudumu wa kabare nao wanaweza kupata kadi ya chama, kwa kuwa pale ufukweni tu anajua wenzake tisa wanaokatwa kama yeye.

Wajumbe wetu hawakuwa na jibu. Katika daftari letu tuna ukurasa wa mashamba, ukurasa wa viwanda vya mawese na ukurasa wa madereva. Swali lake limewekwa namba moja katika mkutano wa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, mahali pale pale, na yeye amealikwa aje na wale tisa. Tumemwomba patroni wao, kwa barua, awape ruhusa ya saa mbili. Mpaka tunapeleka ukurasa huu kupigwa chapa, hajajibu.