Kufuli Si Hukumu



Matanga yameanuliwa, na kabla jivu la jiko la wageni halijapoa, kufuli jipya limekwisha kutundikwa mlangoni. Mjane yu uani na watoto. Ufunguo umo mfukoni mwa shemeji. Haya hutendeka Njombe, hutendeka Makambako, nasi huyaita "kulinda mali ya marehemu". Kuilinda dhidi ya nani? Dhidi ya yule aliyeichuma pamoja naye?

Kikao cha ukoo hupendekeza tu msimamizi wa mirathi. Mahakama ndiyo humteua. Kabla ya hapo, undugu peke yake haumpi mtu mamlaka ya kumfungia mjane nje.

Ubaya wa kufuli ni kwamba huitangulia kesi. Aliye nje ndiye hulazimika kushtaki, kutafuta nauli na mashahidi. Mwenye ufunguo hungoja tu. Tena ushahidi wenyewe umo ndani: cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, stakabadhi za mabati. Hakimu atauliza karatasi, nazo zimefungiwa sandukuni. Wengine hata dawa zao za kila siku zimebaki kabatini, na hili si dogo katika mkoa ambao utafiti wa taifa wa 2022-2023 uliukuta ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Naye akilikata kufuli kwa uchungu, ataambiwa amevunja nyumba, nyumba aliyoisiriba kwa mikono yake!

Wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa majumbani na wakwe, walihangaika mahakamani miaka mingi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila ile ni ya kibaguzi, lakini haikuibatilisha. Haki yao ilitamkwa mwaka 2015, na kamati ya Umoja wa Mataifa.

Lakini aibu iliyo kubwa ni yetu. Ufunguo huletwa kwa mwenyekiti wa jumuiya, au kwa katekista, "ukae mahali salama". Anayeupokea amekwisha kuikata kesi. Ukiletewa, ukatae. Kama unao, umrudishie mjane leo hii mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Viorodhesheni vyombo vyote, mtie saini. Ukoo ukiwa na dai, Mahakama ya Mwanzo ipo. Waende wao wakapange foleni, kama walivyotaka mjane apange.