Hujaji Alale Wapi Mjini Roma?



Mwaka Mtakatifu wa Jubilei ya 2025 ulihitimishwa tarehe 6 Januari 2026, lakini hamu ya waamini wetu ya kuhiji Roma haikufungwa pamoja na Mlango Mtakatifu. Vikundi vinaendelea kuweka akiba, na swali linalozua ubishi kuliko yote ni hili: tutalala wapi? Wapo wanaotaka hoteli ya kifahari, kwani safari ni ya mara moja maishani. Wapo wanaotaka mahali pa bei ya chini kabisa, hata pakiwa nje ya mji. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeuliza bei kabla ya kuuliza kusudi.

Maandiko Matakatifu hayalipuuzi jambo hili. Matendo ya Mitume yanatueleza kwamba Paulo alikaa Roma miaka miwili katika nyumba aliyoipanga, akiwapokea wote waliomwendea (Mdo 28:30). Nyumba ya kupanga ikawa mimbari. Katika nyakati zetu, Papa Fransisko alipochaguliwa mwaka 2013 aliyaacha makao ya Jumba la Kitume, akabaki katika nyumba ya wageni ya Mtakatifu Marta, apate kuishi kati ya watu.

Basi, kipimo chetu kiwe yule aliye dhaifu kuliko wote katika kikundi. Tukichagua anasa, wa kwanza kujitoa ni mjane, naye anafungiwa nje kabla ndege haijaruka. Tukichagua mbali, bibi mwenye miaka sabini atashinda ndani ya mabasi, na kile tulichookoa mfukoni atakilipa kwa magoti yake.

Kwa maoni yetu, njia ya kati ni nyumba za wageni za watawa, ambazo Roma ni nyingi. Vyumba ni vya kawaida, lakini aghalabu pana kikanisa cha kusalia. Nyingi hufunga lango usiku, na wapo wanaolalamikia jambo hilo. Sisi tunaliona lango hilo kuwa rafiki wa hujaji: alalaye mapema huwahi Basilika la Mtakatifu Petro kabla foleni ya ukaguzi haijarefuka.

Ukaribu nao upimwe kwa busara. Basilika kuu nne haziko mahali pamoja, hivyo tafuteni nyumba iliyo jirani na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Njia A inapita Ottaviano, karibu na Vatikano, na San Giovanni, penye Basilika la Laterano. Njia B inafika kwa Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Zote mbili zinakutana Termini, na kutoka hapo Basilika la Bikira Maria Mkuu, alipozikwa Papa Fransisko, ni mwendo mfupi wa miguu.

Kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi: je, kuna lifti? Lango linafungwa saa ngapi? Kodi ya jiji, inayotozwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, imo katika bei?

Wanafunzi wa Emau walimtambua Bwana pale walipomkaribisha akae nao jioni. Tuchague makao ambayo hata mdogo wetu ataweza kuketi nasi mezani.