Neno la Mwezi Huu: Toba

Neno "toba" tumelipokea kwa Waarabu, na asili yake ni kurudi. Kiebrania husema "shuv", nalo ndilo litumikalo katika Ruthu 1 kwa Naomi kurudi Bethlehemu kutoka Moabu. Safari ya kwenda nyumbani tu. Basi si machozi. Ng'ombe aliaye bondeni, nani wa Nyabiyonza amhesabuye kuwa amekwisha kurudi zizini? Nasi tuandikao haya tuliisogeza miti ya mpaka ndani ya migomba ya jirani, tukalia kanisani mara mbili, na miti ikakaa pale pale. Jumamosi iliyopita tuliing'oa, tukairudisha. Jirani alisimama akitutazama, asiseme neno.