Robo Maili Mara Kumi

Watu wengi hudhani kwamba mkimbiaji wa masafa marefu hupata nguvu zake kwa jambo moja tu, nalo ni kukimbia mbali kila siku mpaka miguu ikatae. Hapana shaka kukimbia mbali kuna faida yake. Walakini mtu aendaye maili nyingi kwa mwendo wa polepole huuzoeza mwili wake mwendo huo wa polepole, na siku ya mashindano huona wenzake wakimwacha. Naye yule atakaye kukimbia umbali wote wa mashindano, kwa kasi ya mashindano, kila siku ya Mungu, mwili humshinda kabla juma halijakwisha. Kati ya njia hizo mbili iko ya tatu: kuikata kazi vipande vipande, kukimbia kila kipande kwa kasi iliyokusudiwa, na kupumzika kwa muda uliopimwa kabla ya kuanza kingine. Hayo ndiyo mazoezi ya vipindi.

Mmoja wa watu walioyawekea mazoezi haya kanuni alikuwa mwalimu Mjerumani, Woldemar Gerschler, aliyefanya kazi katika mji wa Freiburg pamoja na daktari wa moyo, Herbert Reindell. Kanuni yao ilikuwa nyepesi kuelewa. Mkimbiaji amalizapo kipande, moyo wake hupiga kama mara 180 kwa dakika. Hupewa muda usiozidi sekunde 90. Ikiwa katika muda huo mapigo yameshuka hadi kama 120, yu tayari kwa kipande kingine. Yasiposhuka, ni dalili kwamba kipande kilikuwa kikali kupita kiasi, au kwamba nguvu za siku ile zimekwisha, na kazi hukomeshwa. Wawili hao waliamini kwamba moyo hujengeka hasa katika dakika ile ya kupumzika. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6 mjini Milan mwaka 1939, na hakuna aliyeivunja rekodi hiyo mpaka mwaka 1955.

Lakini hakuna habari iyaelezayo mazoezi haya vizuri zaidi kuliko ile ya Roger Bannister, Mwingereza wa kwanza, na mtu wa kwanza duniani, kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Wakati ule Bannister alikuwa kijana wa miaka 25, mwanafunzi wa udaktari katika hospitali ya St Mary's mjini London. Hakuwa na siku nzima ya kuchezea. Alikuwa na saa yake ya chakula cha mchana tu, kama karani yeyote, na katika saa hiyo alikwenda kwenye uwanja wa Paddington, akakimbia, akaoga, akarudi kwa wagonjwa.

Kazi aliyojiwekea tangu mwezi wa Desemba 1953 ilikuwa hii: kukimbia yadi 440, yaani robo maili, mara 10, na kupumzika dakika 2 baada ya kila mzunguko. Mwanzoni alizimaliza robo hizo kwa sekunde 66 kila moja. Na tupige hesabu. Mizunguko 10 ya sekunde 66 ni dakika 11. Mapumziko 9 ya dakika 2 ni dakika 18. Jumla ni dakika 29. Kazi iliyombadilisha mtu huyu haikuzidi nusu saa, na zaidi ya nusu ya muda huo alikuwa hakimbii.

Juma hata juma, miezi ya baridi ikapita, na saa ikaonyesha kupungua: 65, 64, 63. Mwezi wa Aprili 1954 ulipofika, Bannister na wenzake wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, waliweza kukimbia robo zote 10 kwa sekunde 61. Hapo wakakwama. Walijitahidi, lakini sekunde ile moja haikutoka. Msomaji atasema kwamba sekunde moja ni kitu kidogo, ni kufumba na kufumbua. Lakini maili moja ni robo 4. Robo 4 za sekunde 61 ni dakika 4 na sekunde 4, na rekodi ya dunia tangu mwaka 1945 ilikuwa dakika 4 na sekunde 1.4. Sekunde ile moja ndiyo iliyokuwa mlango wenyewe.

Basi walifanya nini? Mkulima akiona shamba halitoi tena, hulilima mara mbili kwa hasira, au huliacha lipumzike. Bannister na Brasher waliliacha lipumzike. Waliondoka London, wakaenda Scotland kupanda miamba kwa siku chache, bila kukimbia. Waliporudi na miili yao ikatulia, wakaingia tena uwanjani na kuzikimbia robo zao 10. Safari hii saa ilionyesha sekunde 59. Nguvu walikuwa nazo tangu zamani. Uchovu ndio uliokuwa umezifunika. Na hata baada ya kuupata mlango huo, Bannister hakuendelea kuupiga mateke. Siku 5 za mwisho kabla ya mashindano hakukimbia kabisa.

Tarehe 6 Mei 1954, baada ya kazi ya asubuhi hospitalini, alipanda gari la moshi kwenda Oxford. Upepo ulivuma sana hata nusura aahirishe jaribio lake. Jioni ulipopungua, Brasher akatangulia kwa mizunguko ya kwanza ili amwongoze, kisha Chataway akachukua zamu, na Bannister akamaliza peke yake. Robo zake zilikuwa za sekunde 57.5, 60.7, 62.3 na 58.9. Jumla yake ni dakika 3 na sekunde 59.4.

Miezi miwili baadaye, mwezi wa Julai mwaka ule ule, uwanja wa White City mjini London ulipokea wakimbiaji wawili kutoka Kenya, Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro. Chepkwony aliingia katika mbio za maili 6. Mara alitoka kwa kasi kubwa, mara akapunguza, kisha akatoka tena, hata mguu ukamwuma akalazimika kuacha. Maiyoro naye katika maili 3 alitangulia mapema, akawaacha wengine nyuma kwa yadi nyingi, lakini mwishowe Freddie Green na Chataway walimpita, nao wote wawili wakaivunja rekodi ya dunia kwa dakika 13 na sekunde 32.2. Maiyoro alikuwa wa tatu, kwa dakika 13 na sekunde 54.8.

Ushujaa wao haukuwa na upungufu. Tena kukimbia mbio, kupunguza, na kukimbia mbio tena ndiyo sura yenyewe ya mazoezi ya vipindi, ila mahali pake si siku ya mashindano. Na Maiyoro alionyesha upesi kwamba si mtu wa kukaa pale alipo. Mwaka 1956 huko Melbourne alikuwa wa 7 katika meta 5,000. Mwaka 1960 huko Roma alikuwa wa 6, kwa dakika 13 na sekunde 52.8. Meta 5,000 zimezidi maili 3 kwa yadi 188 hivi. Basi kwa muda uliopungua sekunde 2 kuliko ule wa London, alikwenda njia iliyo ndefu zaidi. Hayo ndiyo mavuno ya miaka 6.

Mwalimu wa shule ya kijijini asiye na uwanja wa fahari asikate tamaa. Mnyororo wa mpimaji wa mashamba una yadi 22. Ukilazwa mara 20 kuuzunguka uwanja wa mpira, ni robo maili kamili. Saa yenye mshale wa sekunde yatosha. Mapigo ya moyo huhesabiwa shingoni kwa sekunde 10: yakiwa 30, ndiyo 180 kwa dakika, yakishuka hadi 20, ndiyo 120, na kijana aweza kuendelea. Kwanza wanafunzi wazoee kukimbia polepole kwa majuma kadhaa. Kisha waanze na mizunguko 4, mara moja kwa juma, kwa mwendo ambao mzunguko wa mwisho hautapungua ule wa kwanza. Mzunguko wa mwisho ukipungua sana, wa kwanza ulikuwa wa majivuno.

Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibikiwa. Husikia kwamba Emil Zátopek wa Czechoslovakia, aliyeshinda mbio za meta 5,000, za meta 10,000 na marathoni katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, alikuwa akikimbia meta 400 mara 20, na baadaye mara 40 na zaidi, kwa siku moja. Nao hutaka kuanzia hapo. Hawakumbuki miaka mingi iliyomfikisha Zátopek kwenye hesabu hiyo. Kijana wa miaka 16 akiiga arobaini ya mtu mzima, hatapata miguu ya Zátopek. Atapata maumivu ya goti, na pengine ataiacha michezo kabla haijajulikana angekuwa nani.

Kumwambia kijana aongeze bidii ni rahisi. Kumwambia, naye akiwa bado ana hamu, kwamba yatosha, avae viatu vyake aende nyumbani, kwahitaji mwalimu mwenye saa mkononi na moyo wa subira. Wazee walikwisha kusema: mbio za sakafuni huishia ukingoni.