Uamuzi wa kuhasi mbwa uachiwe mwenye mbwa na daktari



Napinga sheria ya jiji la Los Angeles ya mwaka 2008, inayotaka mbwa na paka wahasiwe wakifikisha miezi 4. Kwa paka sina ubishi mkubwa. Wasiwasi wangu ni mbwa wakubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa mbwa wa aina ya golden retriever waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka waliugua viungo zaidi: nyonga mbovu, kano za goti kukatika. Mbwa wa namna hiyo huinuka kwa shida, miguu ya nyuma ikitetemeka. Mbwa mkubwa wa chini ya mwaka bado anakua! Kuhusu hofu ya mbwa koko kuongezeka, nchini Norway hairuhusiwi kumhasi mbwa bila sababu ya maana, na mitaa yake haijajaa mbwa hao. Madiwani wapunguze gharama za upasuaji kwa wasio na uwezo, na waache kutulazimisha.

Mfuga mbwa,
Los Angeles, Marekani