Usiniambie una dira kichwani

Wadau, hapa Maungu nimechoka kuambiwa eti binadamu anahisi sumaku ya dunia, kwa hiyo hapotei usiku. Kwa njia za ndovu hizi? Huo ni uongo wa kuua mtu!

Ndege wana dira, nakubali. Wolfgang Wiltschko alionyesha hivyo miaka ya 1960. Wahamao kutoka Ulaya huvishwa pete Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 (na hata hao, ukungu ukishuka, taa za loji huwavuta). Sisi je? Caltech, 2019: sumaku ilipozungushwa, mawimbi ya ubongo ya baadhi ya watu yalibadilika. Hakuna aliyehisi kitu. Data imeingia, programu ya kuisoma haijaonekana.

Mimi nilipopotea, kilichonitoa kichakani ni taa za malori ya barabara ya Mombasa.